Arvid Skogstad na Maganda ya Kopo la Kahawa

Kwa miaka thelathini na mmoja Arvid Skogstad alisambaza barua kwenye barabara za changarawe za kaskazini mashariki mwa Montana, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kutia barua ya mtu kwenye sanduku lisilo lake. Mara moja tu alichelewa. Gari lilikuwa limezama kwenye theluji hadi vioo, na hata hapo alitembea na mfuko begani mpaka nyumba ya mwisho. Alikuwa mtu wa kufuata maandishi. Ukimpa dawa ya kikohozi, atasoma karatasi nzima iliyokunjwa ndani ya boksi, pamoja na upande wa Kihispania, na Kihispania hakijui.

Alipostaafu walimkatia keki posta. Wiki mbili baadaye mkewe, Marlys, alimkuta jikoni anayapanga makopo ya viungo kwa kufuata alfabeti.

"Arvid," Marlys akasema, "nimekupenda miaka thelathini na minane. Usije ukaniharibia leo. Tafuta kazi."

Kazi ikamtafuta yeye. Kanisa la Walutheri la Nordal lilikuwa na makaburi yake juu ya kilima nje ya mji, na Arvid alikuwa mwenyekiti wa kamati ya makaburi, cheo alichopewa siku ambayo hakuhudhuria kikao. Mwishoni mwa Mei, siku ya kuwakumbuka marehemu, watu walipanda kule na maua. Bibi Borghild Nesset, ajuza wa miaka themanini na sita, akasogea kuweka maua kwenye kaburi la mumewe. Ardhi ikamfungukia. Mguu ukazama hadi gotini.

Walikuwa ni kuchakuro, wale wanyama wadogo wa rangi ya mchanga wanaosimama wima kama vigingi na kupiga mbinja wakikuona. Walikuwa wamelichimba kaburi la marehemu Halvor hadi likawa chekeche. Watu wanne walimvuta bibi. Hakulia. Alivaa kiatu chake, akalikazia macho jiwe la mumewe.

"Halvor, miaka hamsini na miwili umenivuta huku na huku. Hata huko uliko hujatosheka?"

Watu walicheka hadi wakashika mbavu, kisha wote wakamgeukia mwenyekiti wa kamati.

Sumu ilikataliwa kwa ajili ya mbwa na mwewe. Mitego ilinasa kuchakuro watatu na paka wa mpiga kinanda. Ikabaki bunduki, na Arvid hakuwa na bunduki ya kufaa. Ndipo akaenda mnadani, kwenye shamba la mkulima mmoja kapera aliyefariki masika yale, akarudi na bunduki ndefu nyembamba ya zamani, yenye darubini safi kama jicho la jogoo. Juu yake walimwongezea kopo la kahawa lililojaa maganda matupu ya risasi. Aliyahesabu njiani, gari likiwa limesimama: mia mbili na kumi na manne.

Muuza duka aliisoma namba iliyochongwa kwenye mtutu, akaguna.

"Risasi za hii? Mzee, mara ya mwisho kuziona mimi nilikuwa na nywele."

Habari ikamfikia Lyle Brekke kabla Arvid hajafika nyumbani. Lyle alikuwa mdogo wake Marlys, na hapakuwa na kazi duniani ambayo hakuwahi kumfundisha mwenye kazi. Alimfundisha daktari wa meno kung'oa jino, mdomo wake mwenyewe ukiwa wazi.

"Shemeji, umeoa ugenini," Lyle akasema, akiipapasa bunduki. "Huyu hana ndugu, hana jamaa, hakuna dukani cha kumlisha. Itabidi umpikie mwenyewe."

"Kumpikiaje?"

"Kujaza maganda! Risasi ikishapigwa, ganda la shaba linabaki. Unalibana lirudi umbo lake, unalitia kiwashio kipya kitakoni, unamimina baruti, unapachika kichwa cha risasi juu, basi. Ni kama kukaanga mayai. Mimi nimejaza tangu ujana, macho nimefumba."

Akamletea mtambo wake wa zamani, pande la chuma lenye mpini mrefu, na kalibu za kubania maganda ya saizi ile. Arvid akaagiza viwashio, baruti, vichwa na kitabu cha maelekezo. Kitabu akakisoma mara mbili kutoka jalada hadi jalada, akapigia mistari. Marlys alimwona kitandani na miwani puani.

"Unakwenda kutengeneza bomu chini ya chumba changu cha kulala?"

"Si bomu. Ukurasa wa kumi na tisa unaeleza tofauti."

Walifunga mtambo kwenye meza ya ghala la chini ya nyumba, meza iliyoshikizwa ukutani, na juu yake rafu ambayo Marlys alipanga chupa zake za achari ya bitiruti. Arvid akachukua ganda la kwanza na kikopo cha mafuta.

"Hayo mafuta ya nini?" Lyle akauliza.

"Kitabu kinasema kila ganda lipakwe kabla ya kubanwa."

"Kitabu kimeandikwa na mwanasheria! Paka moja kwa kila kumi, mafuta yanabaki mle mle ndani. Haya, vuta."

Hapo Arvid alifanya jambo ambalo hakulifanya kwa miaka thelathini na mmoja: aliacha maandishi akamsikiliza mtu. Akavuta mpini. Ganda likapanda ndani ya kalibu likaingia vizuri, likakaa vizuri, likakataa kutoka.

"Sukuma juu," Lyle akasema.

Akasukuma. Hamna kitu.

"Sukuma kama mwanamume, shemeji! Barua zimekulegeza."

Wakaushika mpini wote wawili, wakahesabu hadi tatu, wakausukuma kwa mabega. Ganda halikutoka. Ilitoka meza. Iling'oka ukutani pamoja na misumari yake, ikaigonga rafu, na chupa kumi na moja za bitiruti zikawashukia kichwani.

Marlys aliposikia kishindo alishuka ngazi mbili mbili. Akawakuta mumewe na nduguye wamekaa sakafuni, wekundu tangu utosini hadi viatuni, meza imewalalia mapajani. Akapiga yowe lililosikika hadi kwenye maghala ya nafaka ya kituo cha treni. Kisha akanusa.

"Hiyo ni siki," akasema polepole.

"Dada, usipaniki, hatujaumia," akasema Lyle.

"Bado," akajibu Marlys.

Kwa kuwa ghala lilikuwa linanuka siki na sakafu imegeuka zambarau, Arvid alihamishia kazi yake juu, kwenye chumba cha kushonea, chenye zulia nene la manyoya. Ganda lililokwama alilitoa kwa kulitoboa kwa keekee, kama ukurasa wa thelathini na sita ulivyoelekeza. Maganda mengine aliyapaka mafuta moja moja, na yote yakatii. Ikaja zamu ya viwashio. Hivi ni vikombe vidogo vya shaba, kama punje ya dengu, na ndani yake ndimo ulimo moto. Vilikuwa mia moja kwenye sinia. Arvid alipogeuka kuchukua miwani, kiwiko kikagusa sinia.

Alipiga magoti akaokota. Akahesabu: tisini na saba. Akahesabu tena: tisini na saba. Akatambaa na tochi asubuhi nzima akichambua manyoya ya zulia kama mama anayemtafuta mwanawe chawa. Akaamua atamwambia Marlys wakishakula, akaenda uani kunyoosha mgongo.

Huku nyuma simu ikalia. Mchungaji Kaia Lindahl alitaka kupita kuuliza habari za makaburi. Alikuwa binti wa mjini, ana miezi mitatu tu tangu apangiwe Nordal, bado anaogopa ng'ombe. Marlys akatia pai kwenye oveni, akakamata mashine ya kufyonza vumbi, akapiga sebule, akapiga ukumbi, na kwa kuwa mwanamke safi hasafishi nusu, akaingia chumba cha kushonea. Mchungaji alifika mapema. Alikuta mlango wazi, akaingia na tabasamu.

Pap! ikalia mashine.

Mchungaji Kaia akaanguka kifudifudi nyuma ya kochi.

Pap! ikalia tena, na mfuko wa vumbi ukapasuka, vumbi la miezi miwili likajaa ukumbini. Marlys akaizima.

"Arvid Emil Skogstad!"

Jina la katikati alikuwa amelitumia mara mbili tu tangu ndoa. Arvid akatokea mlangoni, kofia mkononi. Angeweza kusema mengi. Lakini alikuwa mtumishi mwaminifu wa posta, akasema lile lililokuwa la lazima.

"Kimebaki kimoja."

"Kimoja nini?" ikauliza sauti ya Mchungaji nyuma ya kochi.

Wakakitafuta watu watatu, wote magotini, pai ikiungua. Mchungaji ndiye aliyekipata, kimenasa kwenye soksi yake. Akakiweka kiganjani, akakitazama.

"Hiki ndicho cha kuwazuia wale wanyama?"

"Ni sehemu yake, Mchungaji."

"Basi Mungu awaonee huruma," akasema, bila kueleza ni akina nani.

Mchungaji alipoondoka, Marlys alimketisha mumewe mezani. Arvid akajua bunduki inarudi mnadani. Lakini Marlys alikuwa mshonaji wa mablanketi ya viraka, mtu wa kuhesabu nyuzi, na kilichomuudhi zaidi ya vumbi kilikuwa kitu kingine.

"Ulijua vimepotea vitatu, ukanyamaza."

"Nilitaka kukwambia tukishakula."

"Kuanzia leo hesabu naishika mimi. Utarudi chini, pasipo na zulia. Utapima wewe, nitakagua mimi. Na Lyle asikanyage."

Ikawa hivyo. Sakafu ilisuguliwa, meza ikafungwa upya kwa bolti. Kila siku baada ya chakula cha mchana waliteremka wote wawili. Arvid alipima baruti kwenye kimizani, akanong'onezea kila ganda, "Haya, kijana, tulia," tabia aliyokuwa nayo kwa bahasha na ambayo mkewe hakuwa anaijua. Marlys alimulika tochi ndani ya kila ganda kuona baruti imefika pale pale, si juu si chini, ndipo akamruhusu apachike kichwa. Risasi iliyopita mkononi mwake aliitia nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, kitakoni. Isiyo na nukta haikuingia kwenye boksi.

Walikuwa wamezoea kuishi kwa zamu, mmoja akitoka mwingine akirudi. Huko chini waliongea. Arvid alishangaa kusikia kwamba miaka yote ile Marlys alikuwa akisikiliza magurudumu yake yakiingia kwenye changarawe, na kwa mlio tu alijua siku ilikuwa njema au mbaya.

"Siku mbaya ulikuwa unafunga breki mara mbili," akasema.

"Sikujua."

"Siku hizo ndizo nilikuwa napika pudini."

Arvid akakaa na ganda mkononi, akizikumbuka pudini moja moja.

Katikati ya Julai boksi la kwanza lilikuwa tayari, risasi ishirini. Siku ile ile, Marlys alipopanda kutoa mkate kwenye oveni, Lyle akapenya kwa mlango wa nyuma.

"Nasikia umekuwa fundi cherehani," akamwambia Arvid. "Unapimiwa na mke! Sogea nikuonyeshe moja ya kitaalamu."

Akakaa, akaanza hadithi ya paa aliyempiga mwaka fulani juu ya mlima fulani, mikono ikienda yenyewe. Akamaliza hadithi, akamaliza na risasi. Akaitumbukiza kwenye boksi, akatoa mojawapo iliyokuwamo akaitia mfukoni iwe kumbukumbu, akaondoka kabla hatua za Marlys hazijasikika. Arvid alikuwa ameinama chini anatafuta kifuniko cha kopo. Hakuona zilivyobadilishwa, akadhani Lyle ameondoka na yake.

Jumamosi wakaenda kujaribu, kwenye korongo la nyuma ya shamba lao, karatasi ya shabaha ikiwa imebandikwa mbele ya kingo ya udongo. Lyle alikuja bila kualikwa, na viti vya kukunja. Marlys alikaa nyuma ya pikapu na daftari. Risasi ya kwanza ikatoboa karatasi. Ya pili ikaingia ubavuni mwa ya kwanza. Hadi ya tano, matundu yote ungeyafunika kwa biskuti moja. Lyle akaanza kukohoa kohoa.

Ya sita ikasema *puff*.

Si mlio, ni pumzi, kama mzee anayekaa chini. Karatasi haikutikisika.

"Hiyo ni baruti iliyopoa tu," Lyle akasema. "Tia nyingine, piga, iliyobaki itasukumwa."

Arvid akaondoa shavu kwenye bunduki. Akakaa akihesabu kimoyomoyo kama kitabu kilivyoagiza, isije ikalipuka kwa kuchelewa, kisha akafungua, akatoa ganda, akaiweka bunduki chini mtutu ukielekea kingo.

"Sipigi."

"Acha uoga, shemeji! Piga!"

"Ukurasa wa mia moja na nne. Kichwa kimekwama ndani ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake, bunduki inapasuka usoni kwako." Sauti yake haikupanda. "Lyle, nilikusikiliza mara moja. Bado nakula bila bitiruti."

Akaleta ufito wa shaba, akaupitisha mtutuni kwa upole. Ukafika mahali ukagonga kitu. Marlys alikuwa ameokota lile ganda. Akaligeuza kitako juu, na uso wake ukabadilika.

"Hili halina nukta yangu."

Akamgeukia nduguye.

"Lyle," akasema Marlys, "toa ulichonacho mfukoni."

Lyle akatoa risasi yenye nukta nyekundu. Akakaa kwenye kiti chake, na kiti kikajikunja naye ndani, wala hakujaribu kujitoa.

"Sikutia baruti," akasema kutoka humo. "Nilikuwa namwelezea habari za paa. Mungu wangu, nilikuwa namwambia apige. Na si mara ya kwanza. Ile bunduki yangu haikuibiwa."

"Bunduki gani?"

"Ile ya baba. Miaka kumi na tisa iliyopita. Nilisema nimeibiwa kwenye gari. Ilipasuka, dada. Vivi hivi, *puff*, nikapiga nyingine. Niliyatupa mabaki bwawani."

Marlys akamwendea hadi vivuli vyao vikakutana.

"Lakini ulimsingizia Øyvind Tande. Ulisema ulimwona karibu na gari. Miaka kumi na tisa humsalimii! Kanisani unakaa upande wa pili!"

"Nilishasema, nikashindwa kurudi nyuma."

"Basi utarudi leo."

Na kulikuwa na sababu nyingine ya kwenda. Shamba la majani linalopakana na makaburi lilikuwa la Tande huyo huyo. Kamati ilikwisha kukata shauri kwamba hakuna risasi itakayoelekezwa makaburini. Watapigwa wale tu waliovuka ua kuingia shambani, ambako nyuma yake kuna mlima wa udongo. Tande alikuwa ameombwa ruhusa mara mbili. Mara mbili alijibu kwamba ukoo wa Brekke, na waliooa kwao, wasimkanyagie nyasi.

Walimkuta zizini anamtazama ndama. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyekuwa na haraka na neno. Lyle alivua kofia, akasema yote, kuanzia paa hadi bwawa, na safari hii hakujipamba hata kidogo. Alipomaliza, Tande aliendelea kumtazama ndama.

"Nilijua," akasema hatimaye.

"Ulijua?"

"Nilikuwa nafunga waya ng'ambo ya korongo. Niliisikia inapasuka. Nilikuona unacheza dansi na kofia inafuka moshi."

"Na hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri useme wewe." Akatema mate pembeni. "Umechelewa kidogo."

Lyle akaivaa kofia yake mbele nyuma. Kisha Tande akaanza kutikisika mabega. Ilichukua muda kwa wengine kutambua kwamba anacheka.

"Ruhusa mnayo," akamwambia Arvid, akipangusa macho. "Lakini na wewe umechelewa. Hujaona kuko kimya? Wakubwa wote wameshaingia mashimoni kulala, na watoto wao wanawafuata. Kuchakuro hawajui kalenda ya kamati. Rudi Machi."

Arvid alisimama, kitabu chini ya kwapa. Hakikuwa na ukurasa unaosema kwamba mnyama analala miezi minane.

Majira ya baridi yalikuwa marefu. Yeye na Marlys wakajaza maganda yote, mia mbili na kumi na matatu, maana moja lilitobolewa na keekee. Na Jumapili moja ya Januari waumini waligeuza shingo zao zote: Lyle Brekke amekaa kwenye benchi la Tande, anamweleza jinsi ya kulea ndama, na Tande amesinzia.

Wiki ya mwisho ya Machi, theluji ikiwa imebaki mabaka mabaka, walitandika turubai shambani, mchana kweupe, upepo wa kaskazini ukiwakata masikio. Nyuma yao, ndani ya pikapu, Lyle na Tande walikuwa wanabishania kahawa. Kuchakuro walikuwa wameamka. Wengi walikaa upande wa makaburi, na dume moja nene lilikuwa limesimama juu kabisa ya jiwe la marehemu baba yake Marlys, linawapigia mbinja.

"Huyo anajua sheria ya kamati," Arvid akanong'ona.

"Baba naye alikuwa hivyo hivyo. Hakukupenda hata siku moja," akasema Marlys, na wote wawili wakabana kicheko hadi turubai likatikisika.

Wakangoja. Baridi ikapenya viwikoni. Mwishowe mmoja akapita chini ya ua, akaingia kwenye majani ya Tande, akasimama wima, mlima nyuma yake. Arvid akaishusha pumzi kama kitabu kilivyosema, akabonyeza. Mlio ulikuwa mkavu na safi. Yule hakusimama tena. Arvid hakushangilia, aliinua kofia kidogo, kama alivyokuwa akifanya akipita mbele ya nyumba yenye msiba, kisha akatoa ganda, likiwa bado na joto, akampa mkewe.

Marlys akaangalia nukta, akaandika daftarini. Halafu akalifunga daftari, akavua glavu, akajisogeza kifudifudi hadi bega likagusana na la mumewe.

"Sogea," akasema. "Huyo wa pili ni wangu."

Arvid akamsogezea bunduki, akafungua kitabu ukurasa wa kwanza.

"Usinisomee," akasema Marlys, jicho tayari liko kwenye darubini. "Shika kalamu uandike."